Pini inayogusa na kuachia: kisa cha kompyuta ya steshenari ya Kirumba

Kompyuta yenyewe ilitoka kwenye steshenari moja ya Kirumba, Mwanza, jirani na soko la samaki la Mwaloni. Ni mashine ya mezani ya mtumba: prosesa (ubongo wa kompyuta) ya AMD Ryzen 5 2600, mazabodi (bodi kuu inayobeba vyote) ya B450 yenye sloti nne za RAM, yaani kumbukumbu ya muda, RAM mbili za GB 8 kila moja, na kadi ndogo ya picha. Kazi zake ni zile za kila steshenari ya upande ule. Wafanyabiashara wa dagaa wanakuja kuchapisha vibali na risiti, wanafunzi wanaleta ripoti za utafiti, wengine wanataka picha za pasipoti au kadi za michango ya harusi.

Mwenyewe, mama mtu mzima, aliileta kwangu Makoroboi ikiwa imeviringishwa kwenye kitenge.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hii kompyuta imenishinda. Asubuhi inawaka vizuri kabisa, ikifika mchana inaanza vituko. Kama imekufa niambie, nijue moja."

Vituko vyenyewe vilikuwa skrini ya bluu, kujizima na kujiwasha, na programu kufunga zenyewe katikati ya kazi. Alikuwa ameshatumia pesa nyingi. Walipomwambia ni virusi, akapigiwa Windows upya. Walipomwambia ni umeme unaopanda na kushuka, akanunua stebilaiza. Walipomwambia ni RAM, akanunua mpya, na vituko vikaendelea vilevile.

Kilichonishtua si kule kuzima. Ni mafaili. Ripoti ya mwanafunzi ilihifadhiwa vizuri asubuhi, jioni ikakataa kufunguka. Faili la zipu lenye picha za watu lilidai limeharibika, wakati lile la asili lililobaki kwenye flashi lilikuwa zima. Kompyuta inayojizima humkera mwenye nayo. Kompyuta inayoandika data ya uongo kwenye diski humdhuru mteja ambaye hata hajui kilichompata, na atakuja kugundua siku ya kuwasilisha kazi yake.

Nilimuuliza kama kuna mtu aliyeifungua kabla matatizo hayajaanza. Akafikiri kidogo, akakumbuka. Kulikuwa na msimu wa wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda kwa makundi na kufuata taa usiku. Kirumba wanaingia kila mahali, na feni ya kompyuta inawavuta ndani. Mashine ilianza kupiga kelele na kuchemka, akaitwa fundi wa kuisafisha. Fundi huyo alimaliza, akalipwa, akaondoka bila kusema lolote. Vituko vilianza juma hilohilo.

Hapo nilikuwa na mwelekeo, lakini mwelekeo si ushahidi. Niliwasha MemTest86 kutoka kwenye flashi, programu inayoijaribu RAM bila Windows kuingilia. Mashine ikiwa ya baridi, hakuna kosa hata moja. Ilipochemka, makosa yakaanza kumiminika kwenye skrini.

Mafundi wengi wakifika hapa husema "RAM mbovu" na kufunga kazi. Lakini makosa yale yana lugha yake, na inafaa kuyasoma mstari kwa mstari. Kila mstari unaonyesha anwani iliyokosea, data iliyoandikwa na data iliyosomwa. Chembe moja ya RAM ikiwa mbovu, anwani ileile hujirudia kila raundi. Hapa anwani zilitawanyika huku na huku, ila ukilinganisha kilichoandikwa na kilichosomwa, tofauti ilikuwa biti moja, yaani tarakimu moja ya 0 au 1, na ilikuwa biti ileile kila mstari. RAM ya DDR4 hubadilishana data na prosesa kupitia njia 64 kwa kila chaneli, yaani kila barabara kati ya RAM na prosesa (mashine hii ina mbili, A na B), kila njia ikipitisha biti moja kwa wakati mmoja. Biti moja ikikosea kwenye anwani elfu kidogo, basi wa kushukiwa ni njia inayopita biti hiyo, na RAM ina kila sababu ya kuachiwa huru.

Nikaithibitisha kwa kuhamisha. RAM ya kwanza kwenye sloti ya chaneli B: safi. RAM ya pili kwenye sloti ileile: safi. Ile mpya aliyouziwa: safi pia. Yoyote kati ya hizo ukiipeleka chaneli A, mashine ikipata moto, kosa ni biti ileile. Nikasafisha sloti za A kwa brashi na spiriti, hali haikubadilika. Kwa hiyo tatizo lilikuwa mahali fulani kati ya sloti na tumbo la prosesa.

Sasa kufungua. Prosesa hii hukaa kwenye soketi, yaani kiti chake juu ya mazabodi, ya aina ya AM4, na pini zake huingia kwenye matundu ya soketi hiyo. Soketi ya AM4 haina kifuniko cha kukandamiza prosesa kwa juu. Inaishika kwa pini zake tu, kwa wenzo mdogo wa pembeni. Krimu ya kupitisha joto ikikauka, inakuwa gundi kati ya prosesa na hitsinki, kile chuma cha kuipoza, na mtu akivuta hitsinki moja kwa moja kwenda juu, prosesa inang'oka nayo huku wenzo umefungwa. Pini zinapinda, na zilizopinda zikirudishwa kwa haraka zinakatika. Mimi huiwasha mashine kwanza ifanye kazi mpaka krimu ilainike, naizima na kuchomoa umeme, nalegeza skrubu kwa zamu, kisha naizungusha hitsinki taratibu kushoto na kulia mpaka isikike imeachia. Hapo ndipo naiinua. Ni dakika chache tu za subira, na zimeokoa prosesa nyingi.

Niliigeuza prosesa chini ya lenzi, taa ikimulika kwa mshazari. Pini za AM4 ni 1331, zimepangwa kwenye gridi ya 39 kwa 39 yenye nafasi wazi za makusudi, na kutoka pini moja hadi nyingine ni kama milimita moja. Ukitazama safu kwa usawa wa jicho, pini nzima hujipanga kama mstari mmoja, na iliyopinda hujitokeza pembeni. Upande mmoja kulikuwa na pini kadhaa zilizowahi kupinda na kunyooshwa, zikiwa na mikwaruzo ya kisu. Katikati yao pengo. Pale pini ilipokuwa, palibaki nukta ya kijivu isiyong'aa, maana dhahabu ya pini ni ya juu tu na chuma kilichovunjika huonekana rangi yake halisi.

Nikahamishia taa kwenye soketi, kwenye tundu linalolingana na pengo lile. Ukitazama kutoka juu huoni kitu. Ukitazama kwa mshazari, kuna kichwa kidogo cha dhahabu kinachungulia kutoka kwenye plastiki. Pini iliyokatika ilikuwa bado imo tunduni, imesimama wima.

Mambo yote yakaelezeka kwa mara moja. Prosesa ilirudishwa ikakaa juu ya kile kipande. Mashine ikiwa baridi, kipande kiligusa mahali pini ilipokatikia, umeme ukapita, BIOS, programu ya mazabodi inayoiamsha mashine, ikaipima RAM ikaiona nzima, mama akaanza kazi. Joto lilipopanda, vitu vikatanuka kila kimoja kwa kiasi chake, mguso ukalegea, biti moja ikaanza kusomwa vibaya. Wakati mwingine iliangukia kwenye Windows yenyewe, mashine ikaanguka. Wakati mwingine iliangukia kwenye ripoti ya mwanafunzi iliyokuwa ikisubiri kuandikwa kwenye diski, na hapo hakuna aliyepiga kelele.

Kuona pini imekatika hakutoshi, lazima ujue ni ipi. Ramani za pini za AM4 zinapatikana. Safu upande mmoja zina herufi na upande wa pili zina namba, na herufi kama I, O, Q, S, X na Z zinarukwa ili zisichanganywe na namba au herufi nyingine. Mwanzo wa kuhesabu ni kona yenye pembetatu ndogo ya dhahabu. Kosa la kawaida ni kusoma ramani iliyochorwa kwa kutazama kutoka juu huku wewe umeigeuza prosesa tumbo juu, ukaishia pini ya upande wa pili kabisa. Linganisha kwanza zile nafasi wazi. Zikikaa sawasawa kwenye ramani na kwenye prosesa mkononi, ndipo uhesabu. Nilipohesabu, pengo likaangukia kwenye kundi la chaneli A, njia ya data. Jaribio la RAM na ramani vilikuwa vimefika mahali pamoja kwa njia mbili tofauti, na hapo nikaridhika.

Watu wengi wakisikia "prosesa imekatika pini" wanaitupa, na wengine wanairudisha ndani na kusema ikiwaka basi imepona. Pande zote mbili zinakosea kwa sababu zinaziona pini zote kuwa sawa. Sehemu kubwa ya pini ni za umeme unaoingia na za ardhi, yaani umeme unaorudi. Prosesa hii ina kiwango cha wati 65, na kwa volti kama 1.2 hiyo ni zaidi ya ampea 50 zikipita kwenye pini nyembamba namna ile. Zinaweza kwa sababu ni nyingi na zinasaidiana, kama wabeba mizigo wa Mwaloni wanaposhusha dagaa: mmoja akikosekana, mzigo wake unagawanywa kwa wengine. Ikikatika pini moja ya ardhi, mara nyingi mashine itaishi miaka bila mtu kujua. Zikikatika kadhaa za umeme mahali pamoja, hilo ni jambo jingine, kwa sababu jirani zao watachemka.

Kuna pini nyingine ambazo hazina mwenzake. Ile ya saa ya kuongoza mapigo, ile ya kuwasha upya, zile ambazo prosesa huomba kwazo kiasi cha volti. Ikikosekana moja ya hizo, hakuna picha, hakuna chochote. Kati ya makundi hayo mawili kuna pini zinazopoteza kazi moja tu. Ikikatika ya njia ya kadi ya picha, kadi inaweza kushuka kutoka njia 16 hadi 8 na mtumiaji asihisi. Ikikatika ya USB, tundu moja nyuma ya mashine linakufa. Na zipo ambazo umuhimu wake unategemea prosesa iliyokaa hapo: pini za kutoa picha kwenda kwenye skrini hazina kazi kwa Ryzen 5 2600, kwa sababu haina picha ya ndani, lakini kwa Ryzen 5 3400G, inayoingia soketi hiyohiyo, ni lazima.

Pini ya data ya RAM iko kundi la kati. Ikikosekana kabisa, unapoteza chaneli moja, na mashine inaendelea na ya pili. Tatizo la mama halikutokana na pini kukosekana. Lilitokana na pini kugusa na kuachia. Ningekuwa na nguvu ya kuwaambia mafundi wenzangu wa Mwanza jambo moja tu, lingekuwa hili: pini isiyokuwepo kabisa ni salama kuliko pini iliyopo nusunusu. Ya kwanza inakataa mbele ya macho yako, unaijua na unaizunguka. Ya pili inakubali asubuhi na kuharibu jioni, na tangu ilipoanza huwezi kujua faili lipi ni zima.

Nilimpigia simu mama nikamweleza, kisha nikampa njia zilizopo.

Ya kwanza ni kupandikiza pini kutoka prosesa iliyokufa. Inawezekana, na wapo wanaoiweza vizuri kwa darubini na ncha nyembamba ya kulehemu. Sikuipendekeza kwa mashine hii, na sababu ni ya kifundi. Mfuniko wa chuma wa Ryzen 5 2600 umeunganishwa na kichipi cha ndani kwa indiamu, madini yanayoyeyuka kwenye nyuzijoto 157 hivi. Lehemu ya kawaida yenye risasi huyeyuka kwenye 183. Mtu akipuliza hewa ya moto kwa uzembe, anaweza kufungua kile kilichokuwa kizima ndani wakati anahangaika na kilichovunjika nje. Na jirani za pini ile zilikuwa zimeshapindwa na kunyooshwa, kwa hiyo chuma chao kimechoka tayari.

Ya pili ni ile hila ya kuweka unyuzi wa waya wa shaba kwenye tundu la soketi ili uguse pale palipokatika. Nimeiona ikifanywa, na naikataa bila kusita. Unyuzi ule utafanya kilekile kilichofanywa na kipande cha pini: leo unagusa, kesho unaachia. Tena ukiinama ukagusa jirani, unaweza kuua prosesa na mazabodi kwa pamoja.

Ya tatu ni kununua prosesa nyingine. Hiyo ndiyo tiba kamili, kama pesa ipo.

Ya nne ni kukiondoa kile kipande, kuiacha chaneli A ife kabisa, na kutumia B.

"Hiyo ya nne nitaona tofauti gani?" aliuliza.

Nilimjibu kwa kazi zake. RAM ya DDR4 yenye kasi ya 2666 hupitisha takriban GB 21.3 kwa sekunde kwenye chaneli moja, na chaneli mbili hupitisha mara mbili ya hapo. Kwa michezo mizito au kuhariri video ndefu, pengo hilo linaonekana. Kwa kuchapisha vibali, kuandika, kuskani na kupunguza picha za pasipoti, halionekani kabisa. Na kwa kuwa mazabodi yake ina sloti nne, mbili kwa kila chaneli, RAM zake zote mbili zingekaa B na GB 16 zingebaki vilevile. Ingekuwa mazabodi ya sloti mbili, angelazimika kubaki na RAM moja.

Akasema, "Basi fanya hiyo, ila mafaili ya watu yasiharibike tena. Hilo ndilo linaninyima usingizi."

Kukitoa kipande kulihitaji utulivu kuliko nguvu. Wenzo wa soketi ukiwa juu, matundu yanalegea. Niliutumia mwanga uleule wa mshazari, sindano nyembamba kukisogeza, na kibano chenye ncha kali kukishika kichwa. Kilitoka kizima, na nilikiweka juu ya utepe mweupe ili mama akione kwa macho yake. Nikahakikisha hakuna mabaki mengine tunduni. Pini zilizoinama kidogo nilizinyoosha kwa ncha tupu ya pensili ya kubonyeza, kila moja kiasi kidogo tu, kwa kuwa pini huvumilia kukunjwa mara chache sana kabla haijakatika. Kipimo cha kumaliza ni kwamba prosesa lazima idondoke yenyewe kwenye soketi kwa uzito wake. Ikihitaji kusukumwa hata kidogo, toa, tazama tena.

RAM ikiwa A, sasa mashine ilikataa kuwaka, taa ya RAM kwenye mazabodi ikabaki imewaka. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka. RAM zote mbili zikiwa B, ikawaka. MemTest86 ikakesha usiku kucha, na nikaifunika mashine kwa makusudi ichemke kuliko itakavyochemka Kirumba. Hakuna kosa. Kisha nikanakili faili kubwa la video mara nyingi mfululizo na kulinganisha alama za hashi (namba inayokokotolewa kutoka kwenye faili, ambayo hubadilika biti moja ikibadilika) za kila nakala na ya asili, zote zikalingana. Windows ikapigwa upya, kwa sababu ile ya zamani ilisakinishwa na kompyuta inayosema uongo na sikuwa na sababu ya kuiamini. Mafaili ya wateja tuliyapitia mama na mimi, moja baada ya jingine, yaliyoharibika akawapigia wenyewe simu walete nakala zao. Haikuwa kazi rahisi kwake, lakini aliwaambia ukweli.

Ndani ya kasha nilibandika karatasi: "Chaneli A haifanyi kazi. RAM ziwekwe B tu." Maneno hayohayo niliyaandika kwenye risiti. Fundi mwingine atakayeifungua asianze upya kutafuta, na mama akija kuiuza, mnunuzi ana haki ya kujua.

Kasoro hii ni ya prosesa za kizazi hiki. Intel ilihamishia pini kwenye mazabodi tangu soketi ya 775 ya mwaka 2004, kwa hiyo kule kinachoharibika ni soketi. AMD ilifanya hivyo kwa prosesa za kawaida za mezani ilipoleta AM5 mwaka 2022. Lakini AM4 bado zimejaa kwenye mashine za mtumba zinazoingia Mwanza, na visa vya namna hii tutaendelea kuvipata.

Mama ameniambia biashara ikikubali atanunua Ryzen 5 5600, na mazabodi nyingi za B450 zinaikubali baada ya BIOS kusasishwa. Nimemsihi asiitoe wala kuiuza hii ya sasa kabla ya siku hiyo, kwa sababu BIOS inasasishwa prosesa ya zamani ikiwa ndani. Ukiweka mpya kwanza kwenye mazabodi ya namna hii, haitawaka, na watu wataanza tena kusema ni umeme.